Boksi linasema 1200, kompyuta inasema 144

Shemeji yangu anapiga video za harusi na kuzihariri nyumbani kwake Tabata. Laptopu yake ilikuja na kadi ya waifai ya zile za bei ya chini, na kila alipotaka kuvuta kazi kutoka kompyuta kubwa iliyo chumba cha nyuma, alibonyeza kunakili halafu akaenda kula, akaoga, akarudi kukuta bado. Siku moja akaingia Kariakoo, akatoka na adapta ya USB yenye antena mbili, boksi limeandikwa 1200 kwa tarakimu kubwa. Akachomeka, akafungua mipangilio ya Windows, akanipigia.

"Shem, nimepigwa. Inasoma 144."

Hakupigwa. Hiyo 144 ni namba halali, na ukijua inakotoka utajua pa kushika. Kasi za waifai hazitokei ovyo: kuna 54, 72, 144, 150, 300, 433, 866 na 1201, na kila moja ina kwao. Fundi aliyezizoea akitajiwa namba kwa simu anaweza kukwambia uko bendi gani (yaani masafa ya redio, gigahezi 2.4 au 5) na chaneli yako ina upana gani kabla hajaiona nyumba yako.

Kwanza, namba hiyo inapima nini

Inapima mapatano kati ya adapta na ruta, yaani vifaa hivyo viwili vinarushiana data hewani kwa megabiti ngapi kwa sekunde wakati huo. Intaneti haimo. Kifurushi cha shemeji ni megabiti 20 kwa sekunde. Kabla ya adapta mpya kipimo cha kasi mtandaoni kilimpa 19, baada ya adapta kikampa 19, na angefunga hata kadi ya 2400 kingempa 19. Kama lalamiko lako ni kwamba video za YouTube hazikuongezeka mwendo baada ya kubadilisha adapta, angalia kifurushi kabla ya kufungua kitu chochote. Hata kadi mbovu ya 72 inapitisha megabiti 40 hivi ukikaa karibu na ruta, mara mbili ya anacholipia shemeji.

Kwake yeye lakini lalamiko lilikuwa la kweli, kwa sababu mafaili yake hayatoki nje. Yanatoka chumba cha nyuma kuja sebuleni.

Halafu kuna hesabu ya boksi. Ile 1200 ni bendi mbili zilizojumlishwa, 300 ya gigahezi 2.4 na 867 ya gigahezi 5, kisha muuzaji akakamilisha kwenda juu. Boksi la 600 ni 150 na 433. La 1800 ni 574 na 1201. La 3000 ni 574 na 2402. Ukiacha vifaa vya kizazi cha saba (Wi-Fi 7), adapta ya nyumbani hukaa bendi moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo hutaiona kwenye skrini hata siku moja. Kubwa kabisa ambayo shemeji angeweza kuiona ni 867. Kuuza namba ambayo mnunuzi hawezi kuifikia naona ni ujanja, lakini ndiyo desturi ya soko zima.

Pa kusomea

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike:

netsh wlan show interfaces

Yatakuja maneno mengi. Ya kushika ni aina ya redio (802.11n, ac au ax, yaani vizazi vya waifai, n ikiwa ya zamani zaidi), chaneli, asilimia ya mawimbi, na mistari miwili ya kasi, "Receive rate" na "Transmit rate". Kupokea na kutuma huwa hazilingani mara nyingi, usishtuke: kasi ya kupokea inaamuliwa na ruta, ya kutuma inaamuliwa na adapta, na kila mmoja anasikia mwenzake kivyake. Kwenye Linux ni iw dev wlan0 link, ukibadilisha hilo jina wlan0 kama kwako linaitwa vingine. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option ukibonyeza alama ya waifai juu ya skrini.

Soma ukiwa na kazi inayopita. Kompyuta ikikaa kimya, baadhi ya adapta hushuka hadi 6 au 24 kwa kuwa zinabadilishana salamu tu na ruta, na salamu hupelekwa kwa kasi ndogo makusudi ili hata aliye mbali azisikie. Anza kunakili faili kubwa, hesabu mpaka kumi, ndipo uangalie.

Inasoma 72 au 144

Hapa ndipo alipokuwa shemeji. Uko bendi ya 2.4 na chaneli yako ina upana wa megahezi 20. Mkondo mmoja wa data kwenye upana huo, kwa 802.11n, hufika 72. Miwili hufika 144. Kadi yake ya zamani ilikuwa ya mkondo mmoja, ikisoma 72. Adapta mpya ina miwili, ndiyo 144. Kwa maneno mengine, adapta ilikuwa nzima na inafanya kazi yake yote, ila imeingia mlango usio wake.

Mbona isifike 300 basi, kama boksi lilivyoahidi kwa bendi hiyo? Kwa sababu 300 inahitaji megahezi 40, na ruta nyingi zikisikia mitandao ya majirani hujirudisha kwenye 20 zenyewe. Ni adabu iliyoandikwa ndani ya kanuni za waifai. Bendi ya 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na pale Tabata orodha ya mitandao inajaa skrini nzima. Kuna watu huingia kwenye ruta wakalazimisha 40. Namba inapanda hadi 300 kweli, na kasi halisi inashuka, kwa kuwa sasa unagombana na sehemu kubwa ya mtaa badala ya theluthi yake. Usifanye hivyo.

Dawa ni kuhamia bendi ya 5. Ruta ya shemeji ilikuwa na bendi zote mbili chini ya jina moja, na laptopu iling'ang'ania 2.4 kwa kuwa mawimbi yake yana nguvu zaidi. Tukaingia kwenye ruta, tukayatenganisha majina, tukaongeza "5" mwisho wa jina la pili, tukaiamuru Windows isahau lile la kwanza. Ukipenda kubaki na jina moja, tafuta kwenye draiva ya adapta (programu inayoiendesha), ndani ya Device Manager, kipengele cha "Preferred Band" ukichagulie 5. Si kila adapta inacho.

Bendi ya 5 haionekani kabisa

Adapta yenyewe inaweza kuwa ya bendi moja. Boksi lililoandikwa 150 au 300 peke yake karibu siku zote ni la 2.4 tu. Kama sivyo, tazama ruta iko chaneli gani. Chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na adapta nyingine za bei nafuu hazizisikii. Weka 36, 40, 44 au 48 ujaribu tena. Na ruta ikiwa kwenye chaneli za rada, inalazimika kukaa kimya na kusikiliza kwa angalau sekunde 60 kabla ya kuanza kurusha. Kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, mtandao wa 5 kuchelewa kuliko ule wa 2.4 si ugonjwa. Subiri.

Inasoma 54, haipandi hata ukae juu ya ruta

Hii naipenda kwa kuwa wengi hununua adapta ya tatu kabla ya kuigundua. Kasi za 802.11n kwenda mbele haziruhusiwi kutumika na ulinzi wa zamani, WEP au TKIP. Ruta ikiwa imewekewa mojawapo ya hizo, pengine na fundi aliyeifunga miaka kumi iliyopita, adapta mpya inarudi kwenye kasi ya mwaka 2003, ambayo ni 54 kamili. Badilisha uweke WPA2 yenye AES, au WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaikubali. Ukiwa humo humo hakikisha WMM (mpangilio unaoamua data ipi itangulie) imewashwa, maana ikizimwa matokeo ni yale yale, na kwamba ruta haijafungiwa kwenye hali ya b/g, yaani waifai ya zamani, peke yake.

Uko bendi ya 5 lakini namba ni 433, 390, 260...

Ngazi za 802.11ac kwa megahezi 80 na mikondo miwili ni 65, 130, 195, 260, 390, 520, 585, 650, 780 na 866.7. Kwa mkondo mmoja zigawe kwa 2, kilele chake 433.3. Vifaa hupanda na kushuka ngazi hizi kila wakati kulingana na usafi wa mawimbi, kwa hiyo 650 ikawa 520 baada ya mtu kufunga mlango ni jambo la kawaida.

Tatizo ni kwamba 390 inaweza kuwa mkondo mmoja wenye afya au miwili inayochechemea. Beba laptopu, kaa mita mbili tatu kutoka kwenye ruta, anza kunakili faili. Namba ikivuka 433, mikondo yako miwili ipo na shida ni umbali au kuta. Ikigota 433 pale pale, una mkondo mmoja: ama adapta ni ya mkondo mmoja, ama ruta ndiyo yenye mmoja, maana mapatano hufuata aliye mdogo. Ikigota 300 au 400 tu kwenye bendi ya 5, mara nyingi chaneli ya ruta imewekwa megahezi 40, ipeleke 80.

Nyumba zetu za tofali za saruji haziionei huruma bendi ya 5. Chumba cha pili unaweza kukuta 866 imekuwa 260, cha tatu 65 au mtandao umepotea. Lakini usikimbilie kurudi 2.4 kwa sababu tu huko inasoma 144. Nimeona mara nyingi 130 ya bendi ya 5 ikiishinda 144 ya bendi ya 2.4, kwa kuwa huku hakuna majirani wa kusubiriana nao.

Kwa wale waliobadilisha kadi ya ndani ya laptopu badala ya kuchomeka ya USB, mambo mawili. Vishikizo vya antena kwenye kadi za M.2 ni vidogo kama kichwa cha pini, na kimoja kikiwa hakijaingia sawasawa unapata mawimbi dhaifu na namba inayorukaruka. Fungua, bonyeza taratibu mpaka usikie kimelia. La pili ni la dukani. Kadi ya Intel AX210 inajitegemea, lakini AX201 nusu ya kazi yake imeachiwa chipu za Intel kwenye ubao wa kompyuta. Zinafanana, zinaingia tundu moja, na kwenye laptopu ya AMD ile AX201 haitaamka milele. Soma kadi yenyewe, usimsikilize muuzaji.

Inasoma 866, mafaili bado yanatambaa

Tukarudi kwa shemeji. Sasa bendi ya 5, mita nne kutoka kwenye ruta, skrini inasoma 866.7. Akashangilia, akaanza kunakili harusi ya gigabaiti 40 kutoka chumba cha nyuma. Windows ikaonyesha megabaiti 11 kwa sekunde. Kadi ya zamani ilikuwa ikimpa 5.

"Shem, 866 hadi 11? Hii ndiyo nimepigwa sasa."

Kwanza tuondoe la vipimo. Megabaiti moja ni megabiti 8, kwa hiyo 866 kwa lugha ya kunakili mafaili ni 108, si 866.

Pili, hata 108 hutaipata. Waifai ni kama kikao cha ukoo, anasema mmoja tu kwa wakati na wengine wananyamaza, na kila akisema neno anasubiri aambiwe "tumesikia". Muda wa kusubiri, wa kuitikiana na wa kurudia yaliyopotea unatoka kwenye ile 866. Kilichobaki kwa kazi huwa kati ya nusu na theluthi mbili. Na akiwepo mzee anayesema polepole, yaani simu ya zamani au kamera iliyo mbali na ruta kwenye bendi hiyo hiyo, kikao kizima kinamsubiri yeye amalize.

Basi tungetegemea megabaiti 50 hivi. Kwa nini 11?

Kumi na moja ni namba nyingine yenye kwao. Ni megabiti 94 zikigawanywa kwa 8, na 94 ndiyo unayobaki nayo kwenye tundu la waya la megabiti 100. Ruta nyingi za bei nafuu, hata zenye 1200 kwenye boksi, zina matundu ya waya ya 100. Kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma ilikuwa imeungwa kwa waya kwenye tundu la namna hiyo. Waifai ilikuwa tayari kubeba 500, waya ukawa unampa 94.

Ukitaka uhakika bila kuhusisha diski, weka iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwenye kompyuta zote mbili. Kwenye iliyo na waya andika iperf3 -s, kwenye laptopu andika iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya ile ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.10. Ukiongeza -R mwishoni inapima upande wa pili. Matokeo yakiganda kwenye 93 au 94, pande zote mbili, mara tatu mfululizo, huna haja ya kutafuta zaidi. Waifai haina utulivu huo. Inapanda na kushuka. Namba isiyotikisika inatoka kwenye waya.

Shemeji alinunua ruta yenye matundu ya megabiti 1000, tukaunga, tukapima. 94.

Hapo nilikaa chini. Ruta mpya, kompyuta ina tundu la 1000, na taa ya tundu inawaka rangi ya 100. Ilikuwa waya. Kasi ya 1000 inahitaji nyaya zote 8 zilizo ndani ya kebo, ile ya 100 inatosheka na 4, na aliyefunga waya ule alikuwa ameunga 4 tu na kuzikata nyingine zikibaki zimening'inia ndani ya plagi. Ukiitazama plagi kwenye mwanga unaziona. Tukaweka vichwa vipya, taa ikabadilika rangi.

Imepanda, lakini imegota karibu na 250 au 300

Baada ya waya tulipata megabiti 260. Skrini bado 866.7. Hili ni rahisi: adapta ilikuwa kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kwa makaratasi hubeba 480 na kwa kazi hubeba 300 na kitu ukibahatika. Mapatano ya hewani hayajui adapta imechomekwa wapi, kwa hiyo skrini haibadiliki. Tafuta tundu la USB 3, mara nyingi lina rangi ya buluu ndani au alama ya SS pembeni, uhamie huko. Tulihamia, ikawa 420. Gigabaiti 40 zikapita kwa dakika 13 hivi, zilizokuwa zikichukua zaidi ya saa mbili.

Kama hata huko haipandi, iangalie draiva. Mara nyingine Windows huweka draiva yake ya jumla inayotosha kuunganisha tu. Chukua ya mtengenezaji wa chipu. Adapta nyingine zikichomekwa mara ya kwanza hujitokeza kama CD yenye draiva ndani, na zisiposakinishwa hubaki CD hivyo hivyo, mtandao hauonekani.

Kesho yake akanipigia tena. Mafaili yanakwenda vizuri, ila panya wake asiye na waya ameanza kugandaganda, mshale unaruka. Tundu za USB 3 zikiwa kazini hutoa kelele za redio kwenye bendi ya 2.4, jambo ambalo Intel waliliandikia waraka mwaka 2012, na kipokezi cha panya kilikuwa kimechomekwa ubavuni mwa adapta. Nikamwambia atafute kebo fupi ya kurefusha USB, akisogeze kipokezi upande wa pili wa meza.

"Iko ndani ya boksi la adapta, shem. Nilidhani ni ya chaji."